Mabinti na Elimu ya Uhandisi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako tukufu nieleze jambo linalonihuzunisha. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1973, na hata leo binti aingiaye fani hiyo huwakuta wavulana ni wengi mno kuliko wasichana, ilhali akili ya kukokotoa uzito wa mihimili na nguvu za umeme Mwenyezi Mungu hakuwakirimu wanaume peke yao. Kwamba elimu ya juu ya sayansi si ya wanaume tu, marehemu Wangari Maathai alilidhihirisha mwaka 1971, alipotunukiwa mjini Nairobi shahada ya uzamivu katika anatomia ya wanyama, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kufikia daraja hiyo.

Taabu kubwa, kwa rai yangu, haimo darasani bali karakanani, wakati wa mafunzo kwa vitendo: binti yangu, aliyekwenda kujifunza mitambo, alikabidhiwa daftari la bohari na kuamriwa apike chai, huku wenzake wa kiume wakifungua injini na kuziunga tena, na mhandisi asiyewahi kushika spana, shahada yake itamfaa nini? Nawasihi wakuu wa karakana, na hasa mafundi wazee wenye maarifa, wawape mabinti hawa zana na michoro tangu siku ya kwanza, na wahadhiri wao wazuru kuhakikisha kwamba wamepewa.

Wako mtiifu,
Mzazi, Tanga