Mkubwa wa Kazi na Ulimi Wake

Mwezi Februari 1971 TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara, kilitoa waraka ulioitwa Mwongozo. Ulizaliwa katika siku za wasiwasi: Novemba iliyotangulia Wareno walikuwa wameivamia Guinea, na Januari ya mwaka huohuo Idi Amin alikuwa amempindua Rais Obote wa Uganda pale Kampala. Waliouandika walikuwa na mawazo ya ulinzi wa nchi na ukombozi wa Afrika. Lakini wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam walipousoma, hawakukaa sana kwenye habari za Wareno. Walikwenda moja kwa moja kwenye kifungu cha 15, kile kinachomkataza kiongozi kuwa na kiburi, dharau na uonevu kwa watu anaowaongoza. Wakakishika, wakaingia nacho kazini.

Kilichofuata kiliwashtua wakubwa. Hadi kufikia Septemba 1973 kazi zilikuwa zimesimamishwa mara zipatazo 30 katika viwanda na mashirika mbalimbali, na watu walioshiriki walizidi 20,000. Tukumbuke kwamba kugoma siku zile halikuwa jambo jepesi. Sheria ya mwaka 1967 ilikuwa imeweka masharti yaliyofanya mgomo halali uwe karibu muhali, na chama cha wafanyakazi kilikuwa kimoja tu, NUTA, ambacho hakikuwaongoza katika hayo. Watu waliweka zana chini wakijua kwamba kesho huenda hawana kazi. Mishahara na marupurupu yalikuwamo katika madai yao, sikatai. Lakini lalamiko lililorudi tena na tena lilihusu namna walivyokuwa wakisemeshwa na kutendewa: matusi, kejeli, kufukuzwa ofisini kama watoto watundu. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, mwaka 1973, wafanyakazi walifika hatua ya kumfungia nje mwenye kiwanda wakaendesha uzalishaji wao wenyewe.

Nayakumbusha mambo haya ya zaidi ya miaka 50 iliyopita kwa kuwa naona somo lake tumelisahau. Ingia ofisi yoyote leo, ya umma au ya mtu binafsi. Ukutani kuna fremu nzuri imeandikwa tunu za msingi za taasisi: uadilifu, heshima, ushirikiano. Chini ya fremu hiyohiyo utamsikia mkuu wa idara akimfokea karani mbele ya wageni, na karani naye akimeza mate huku macho yakiwa kwenye faili. Semina zinaandaliwa, wawezeshaji wanaitwa na kufundisha akili ya hisia, yaani kutambua na kumudu hisia zako na za wengine. Elimu hiyo ina maana. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliandika juu yake mwaka 1990, na mwenzao Daniel Goleman akaieneza duniani kwa kitabu chake cha 1995. Lakini fundi wa mashine wa Dar es Salaam alikuwa amelidai jambo lenyewe miaka karibu 20 kabla yao, tena kwa kuhatarisha mkate wa wanawe. Hatukukosa mafundisho. Tumekosa kuyapa uzito, kwa sababu tunadhani adabu ya mkubwa ni pambo tu, akiwa nayo vizuri, akiikosa basi, ilimradi kazi inakwenda.

Kazi haiendi, ndugu msomaji. Tazama inavyokwama. Zamu ya asubuhi katika kiwanda cha nguo, msimamizi anapita kwenye mstari wa mashine, anakuta shati limeshonwa kola imepinda. Analiinua juu, anapaza sauti mstari mzima ugeuke, kisha anamwuliza yule mama aliyelishona ni nani aliyemwokota na kumleta kiwandani. Wengine wanacheka kwa woga. Mama anafumua kola, anashona upya, anaomba radhi. Msimamizi anaondoka akiamini amefundisha. Wiki inayofuata mashine ya mama yule inaanza kuruka nyuzi. Yeye anaisikia, mtu aliyekalia mashine moja miaka na miaka anajua mlio wake. Ila kuripoti maana yake ni kumwita bwana yuleyule, aje asimame juu yake tena, na wenzake wageuke tena. Basi anapunguza mwendo kidogo, anakaza uzi, anaendelea kushona. Mzigo unakwenda kwa mnunuzi na unarudishwa. Katika taarifa ya mwezi itaandikwa kwamba chanzo ni uzembe wa wafanyakazi.

Hiyo ndiyo gharama ya dharau, na haionekani kwenye hesabu kwa sababu haina safu yake katika daftari. Aliyetwezwa hatoi taarifa. Anaona kosa linakuja na ananyamaza, wala haoni kwamba amekosea, maana amefundishwa kunyamaza.

Kuna mahali ukimya wa namna hii uliandikwa kwa damu. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa kisiwa cha Tenerife nchini Hispania, ukungu ulikuwa mzito. Rubani mkuu wa ndege ya KLM, mtu mwenye jina kubwa katika shirika lake na mkufunzi wa marubani wenzake, alianza kukimbiza ndege ili iruke kabla hajapewa ruhusa ya kuruka. Fundi wa ndege aliyekuwa nyuma yake aliuliza kama ndege nyingine, ya Pan American, ilikuwa bado kwenye njia. Mkubwa alijibu kwa mkazo kwamba imekwisha kutoka, na swali likaishia hapo. Haikuwa imetoka, na ndege hizo mbili ziligongana. Watu 583 walikufa, na hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi kuliko hiyo. Ukungu ulikuwa na sehemu yake, na mawasiliano ya redio yaliyoingiliana yalikuwa na sehemu yake. Lakini ndani ya chumba kile alikuwamo mtu aliyekuwa na shaka iliyo sahihi, na hakuweza kuisema mara ya pili. Baada ya hapo mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha marubani somo jipya: mdogo afundishwe kusema, na mkubwa afundishwe kusikiliza. Kwao hilo sasa ni usalama, limewekwa daraja moja na ukaguzi wa injini.

Najua jibu linalotolewa kila mara jambo hili linapozungumzwa. Wanasema mtu wetu bila kukaripiwa hafanyi kazi. Maneno haya nayachukia, na nitasema kwa nini. Ni maneno ya mnyapara wa shamba la mkonge. Katika mashamba ya Tanga na Korogwe enzi za ukoloni, mtu alipewa kipande chake cha kazi na mnyapara akasimama juu yake, na imani iliyomsimamisha pale ilikuwa hiyohiyo: kwamba Mwafrika haongozwi na akili wala dhamiri, huongozwa na sauti kubwa. Mkoloni ameondoka. Inauma kuona mjukuu wa manamba amesoma hadi chuo kikuu, amepewa kiti, na akikalia kiti kile sauti inayomtoka ni ya mnyapara aliyemfokea babu yake.

Wala mimi sitetei ulegevu. Mvivu aambiwe ni mvivu, mwizi apelekwe panapostahili. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, pamoja na kanuni za utendaji bora za 2007, imempa mwajiri njia zote anazohitaji: onyo la mdomo, onyo la maandishi, kikao cha nidhamu ambacho mtuhumiwa kwa kawaida hupewa walau saa 48 kujiandaa, na mwisho kuachishwa kazi ikibidi. Soma njia hizo zote uone kama kuna mahali panapodai matusi. Mkubwa anayefoka mara nyingi ni yule asiyetaka tabu ya kuandika barua ya onyo, kwa kuwa barua inahitaji uthibitisho na kufoka hakuhitaji.

Tena yupo mkubwa wa aina ya pili, mpole wa uso, ambaye naye simsifu. Huyu humchekea kila mtu mwaka mzima, hamwambii mtu kosa lake, halafu siku ya kujaza fomu za tathmini anaandika mabaya ambayo mhusika hajawahi kuyasikia. Upole huo ni woga. Kumstahi mtu ni pamoja na kumwambia ukweli mapema, faraghani, kwa maneno yanayotaja kosa bila kumtaja mama yake.

Na dharau haikai mahali ilipoanzia, inashuka. Karani aliyefokewa saa mbili asubuhi ndiye anayekaa dirishani saa tatu. Mzee aliyetoka kijijini na bahasha ya mafao yake anauliza swali la pili, anaambiwa njoo kesho. Muuguzi aliyedhalilishwa mbele ya wagonjwa na mkuu wake ndiye atakayemkaripia mama mwenye uchungu wa uzazi. Hapa nawaambia na walio chini: kutendewa vibaya hakukupi ruhusa ya kumtendea vibaya aliye dhaifu kuliko wewe. Mzee yule hakukukosea, na nauli aliyotumia kufika pale huenda aliikopa.

Tunapandisha watu vyeo kwa kuangalia vyeti, miaka ya utumishi na, tukisema kweli, wakati mwingine kujuana. Fundi hodari anafanywa msimamizi kwa sababu ni fundi hodari, wala hakuna anayeuliza anaishi vipi na watu. Kusimamia watu ni kazi nyingine kabisa, nayo ina ufundi wake: kujua hasira yako inapopanda, kuahirisha neno hadi kichwa kipoe, kumsoma mwenzako usoni na kutambua kwamba leo ana msiba moyoni. Mtu asiyeweza hayo anaweza kubaki fundi mwenye heshima na mshahara mzuri. Asipewe watu.

Kwa hiyo nawaomba wenye mamlaka ya kuteua, katika wizara, mashirika, hospitali, shule na viwanda. Kabla hamjasaini barua ya kumpandisha mtu, waiteni watu waliowahi kufanya kazi chini yake, hata tarishi na mfagizi, muwasikilize pasipo yeye kuwapo, na wanayosema yahesabiwe sawa na cheti chake. Na wewe uliye mkubwa tayari, ikiwa kuna mtu uliyemvunjia heshima mbele ya wenzake wiki hii, usimwite pembeni kumtaka radhi kimyakimya. Mtake radhi mbele ya walewale waliokusikia.