Mshindi Asiachiwe Mzigo wa Mawakili

Wanaodai kwamba mchapishaji aliyeshindwa kesi ya hakimiliki asilipe mawakili wa mshindi, mradi hoja yake ilikuwa na mashiko, wanasahau nani aliyeburutwa mahakamani. Kampuni ya uchapishaji ya John Wiley & Sons ilimshtaki Supap Kirtsang, mwanafunzi aliyeuza Marekani vitabu halali vya kiada vilivyonunuliwa Thailand kwa bei nafuu. Alitozwa fidia ya dola 600,000 kwa vitabu vinane, 75,000 kila kimoja, hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipompa ushindi mwaka 2013. Alipodai zaidi ya dola milioni 2 za mawakili, mahakama ya chini ikamnyima. Watasema wachapishaji wataogopa kutetea haki zao. La hasha: mwaka 2016 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba mashiko ya hoja yana uzito mkubwa, lakini si kigezo pekee. Aliyewapigania wanunuzi wote mpaka sheria ikaeleweka anastahili kurudishiwa gharama zake.