Ziwa letu lisomwe na vijana wetu

Kwa muda mrefu imekuwapo imani potofu miongoni mwetu kwamba Jiografia ni somo la kukariri majina ya milima na mito, na kwamba kijana alisomaye hana kazi nyingine ila kwenda kulifundisha. Fikra hiyo inaligharimu taifa, na wa kwanza kuumia ni wananchi wa kando ya Ziwa Victoria.

Ziwa hilo lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake ni yetu. Hakuna mashua za doria ziwezazo kulikagua lote kila wiki. Setilaiti zaweza. Marekani ilirusha Landsat ya kwanza mwaka 1972, na tangu 2008 picha zake hutolewa bure. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, hutoa picha mpya kila baada ya siku 5 hivi, nazo pia ni bure. Basi bei ya picha si kisingizio tena.

Tukumbuke gugu maji. Lilipoenea ziwani katika miaka ya 1990, wataalamu wa Marekani walipima kuenea kwake kwa picha za setilaiti, wakaonyesha jinsi lilivyofikia kilele karibu na mwaka 1998, kisha likapungua. Tunawashukuru. Lakini ni halali kujiuliza: hata lini hali ya ziwa letu itasomwa ng'ambo?

Picha haijisemei. Ikitazamwa kutoka angani, rangi ya gugu maji yaweza kufanana na ya mafunjo au mwani. Hapana budi mtu aingie mtumbwini, afike mahali penyewe, ahakikishe. Mvuvi wa Ghuba ya Mwanza anajua ni upepo upi huleta gugu mwaloni na upi huliondoa. Mtafiti aishiye Mwanza humwuliza asubuhi, akasahihisha ramani yake jioni. Aliye mbali hana nafasi hiyo.

Wapo wasemao kwamba utafiti ni anasa wakati zahanati zinahitaji dawa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mwaka 2020, na tena 2024, maji ya ziwa yalipanda mno yakaingia katika makazi ya watu. Kina cha ziwa hupimwa kwa setilaiti tangu miaka ya 1990. Kumwonya mwananchi mapema ni nafuu kuliko kumhamisha maji yakiwa mlangoni.

Vyuo tunavyo: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi ina kituo Mwanza. Lakini kijana aliyefunzwa kusoma picha hizo, akikalishwa ofisini kuandika mihtasari ya mikutano, ujuzi wake hufa katika miaka michache, na jasho la mkulima lililomsomesha hupotea.

Kwa hiyo walimu wawahimize vijana wenye Hisabati na Fizikia wasiidharau Jiografia. Nao watumishi wapangao ikama watenge nafasi za utafiti, wazilinde, na wampe mtafiti mafuta ya boti pamoja na kompyuta yake. Kujitegemea hakuishii shambani. Taifa lisiloweza kujisomea ziwa lake litaendelea kuambiwa na wengine kilichomo ndani yake.