Waanze na sauti

Mimi naona vijana wa Kisesa wanaojifunza kutengeneza video wafundishwe sauti kabla ya picha. Picha hata simu ya mkopo inapiga. Nendeni hapo Bujora mwezi Juni, kwenye Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma, vikundi vya Bagika na Bagalu vikishindana: video zake mtandaoni zimejaa chatu na vumbi, lakini maneno ya nyimbo hayasikiki kwa upepo, na kijembe chote kimo humo. Kingine cha kufundishwa ni kuhariri. Kozi nyingi huishia kwenye kushika kamera (na kupiga picha ya pamoja na mfadhili). Matokeo yake hadithi zetu husimuliwa na wageni: mwaka 2004 Hubert Sauper alitoa filamu ya Darwin's Nightmare kuhusu Mwanza, ikateuliwa kuwania Oscar. Sisi tukajibu kwa hotuba, si kwa filamu. Na vijana hawa wakishaweza, leseni za maudhui mtandaoni je, nani atawalipia?