Ukurasa wa Safari: Upepo Ulipotufunga Ramsgate

Msomaji aliyezaliwa Uvira, Kalemie au Moba hana haja ya kuelezwa maana ya kungojea chombo. Amepata kulala bandarini juu ya mizigo yake, na kila asubuhi ameuliza kama meli imeonekana, akajibiwa: labda kesho. Lakini huko ziwani abiria huikosa meli. Sisi safari hii chombo tulikuwa nacho, kimefungwa kwa kamba nne mbele ya macho yetu, wala hatukuweza kwenda popote. Tulikaa hivyo siku tisa.

Tulikuwa tumetoka Ostend, mji wa pwani wa Ubelgiji, katika mashua ya matanga yenye urefu wa mita tisa. Mwenye mashua ni mzee wa Kiflemi aliyefundisha shule katika Katanga alipokuwa kijana; Kiswahili chake hakijaingia kutu, nasi twamwita Mwalimu mpaka leo. Jioni ya kuamkia safari tulitembea naye kando ya bahari hadi kwenye sanamu ya Mfalme Leopold wa Pili, iliyosimamishwa mwaka 1931. Chini ya farasi wa mfalme wamewekwa Wakongo wa shaba, wanaomtolea shukrani. Mmoja wao hana mkono. Watu wa mji ule ule waliukata kwa msumeno mwaka 2004, ili wapitao wakumbuke mikono iliyokatwa huko kwetu wakati wa kutafuta mpira. Karibu na hapo pana baraza ndefu ya nguzo iliyojengwa kati ya mwaka 1902 na 1906, miaka ambayo Kongo ilikuwa bado mali ya mfalme huyo. Mwalimu hakusema neno, nasi hatukumwuliza. Ila tuliwaza kwamba mji wa starehe haujengwi kwa jua na mchanga tu. Daima pana mahali pengine palipotoa gharama.

Nia yetu ilikuwa kufika London. Binti wa marehemu mdogo wetu alikuwa afunge ndoa siku ya Jumamosi, na kwa kuwa baba yake hayupo tena, sisi ndio tuliotakiwa kumwongoza mpaka mbele ya altare. Mtu mwenye busara angepanda treni tangu Ubelgiji. Lakini Mwalimu alitaka kuvuka bahari ile mara moja tena kabla ya uzee kumshinda, akaomba mtu wa kumshika mkono. Tukamwahidi, tukijiambia kwamba juma zima latosha.

Kutoka Ostend hadi Ramsgate, kwenye pembe ya kusini-mashariki ya Uingereza, ni kilomita 110 hivi. Tulifika Jumatatu usiku, tumelowa, na kamba moja ilikuwa imemchuna Mwalimu kiganja cha mkono wa kuume. Usiku ule ule upepo wa magharibi ukaanza kuvuma. Sasa, aendaye London kutoka hapo hana budi kuzunguka rasi ya North Foreland, kisha kugeuka magharibi na kuingia mdomo wa mto Thames. Maji ya bahari yakiingia mtoni kwa nguvu na upepo huo ukiyapinga, mawimbi husimama wima kama ukuta, tena yamekaribiana. Mashine yetu ndogo isingesonga mbele hata kidogo. Jumanne tulikaa. Jumatano pia.

Tulipoanza kunung’unika, Mwalimu alitupeleka juu ya gati na kutuonyesha mawe yake.

“Ndugu yangu,” alisema, “ukuta huu ulijengwa kwa ajili ya watu kama sisi.”

Naye alisema kweli. Mbele ya pwani ile yamelala mafungu ya mchanga yaitwayo Goodwin, ambayo huonekana maji yakipwa na kufichwa maji yakijaa. Katika tufani kuu ya mwaka 1703 yaliua mabaharia zaidi ya 1,000. Mwezi wa Desemba 1748 tufani nyingine ilizisukuma meli nyingi kutafuta kimbilio Ramsgate, na mwaka uliofuata wakaanza kujenga bandari, kazi iliyodumu miaka mia moja. Basi kungojea pale si ajali. Ndiyo sababu ya mahali penyewe.

Wageni wa starehe walikuja baadaye. Reli ilipofika mwaka 1846, watu wa London waliweza kuja kuoga baharini na kurudi bila kuwa matajiri. Mchoraji William Powell Frith aliwachora mchangani wakiwa wamejaa kama mchwa, na Malkia Victoria akainunua picha hiyo. Mwaka 1863 kituo kingine cha treni kilijengwa pale pale ufukoni, hata mtoto akishuka garini mguu wake ulikanyaga mchanga. Nyumba nzuri zenye ghorofa nne na tano zilipandishwa juu ya magenge meupe ya chokaa, na kila chumba kilikuwa na mpangaji wake wa majira ya joto.

Kisha ukaja uchumi wa ndege. Tangu miaka ya 1960 na 1970 Mwingereza wa kawaida aliweza kununua safari ya Hispania pamoja na kitanda na chakula, na huko jua halina mashaka. Zile nyumba za wageni pwani ya Uingereza zikabaki tupu. Nyingi ziligawanywa vyumba vidogo vya kupangishwa watu wasio na uwezo wa kukaa kwingine. Tuliona milango yenye kengele nane. Tuliona maduka yaliyofungwa, vioo vimepakwa chokaa kwa ndani. Hatusemi kwamba mji umekufa. Jengo kubwa la burudani la mwaka 1904, lililoachwa kuoza mchezo wa kamari ulipofungwa mwaka 2008, lilifunguliwa tena mwaka 2017, na watu hula na kunywa humo. Lakini mji huo wafanana na mtu aliyekonda ndani ya koti alilovaa siku za unono.

Siku ya Alhamisi mvua ilitukimbiza katika duka la chai. Mama mwenye duka, mwenye umri wa miaka sitini hivi, aliuliza tumetoka wapi. Tulipotaja Ostend aliweka birika chini.

Mume wake alikuwa baharia wa meli ya Ostend. Ilikuwa ikibeba malori na wasafiri kila siku, mpaka mwaka 2013 safari hizo zilipokoma kwa kufilisika kwa kampuni. Mwaka uliofuata uwanja wa ndege wa Manston, ulio jirani, nao ukafungwa. Mwishoni mwa mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba meli zitarudi: kampuni moja iliahidiwa pauni milioni 13.8 ili ivushe mizigo kati ya Ramsgate na Ostend. Mume wake alipiga pasi shati lake jeupe. Baadaye ikajulikana kwamba kampuni hiyo haikuwa na meli hata moja, na mnamo Februari 2019 mapatano yakavunjwa. Sisi tulicheka, tukidhani ni mzaha. Yeye hakucheka, tukaona haya.

“Nyinyi mmekwama siku nne,” alisema. “Sisi tumekwama tangu zamani, ila hatuna kamba za kufungua.”

Kutoka hapo tulipanda mpaka kanisa la Mtakatifu Augustino, lililo juu ya genge. Alilijenga Pugin, fundi mkuu wa majengo aliyepamba Bunge la London; alilijenga kwa fedha zake mwenyewe, kwa mawe meusi ya gumegume, akafa mwaka 1852 akiwa na miaka 40 tu, naye amezikwa humo humo. Somo wa kanisa hilo hakuwekwa kwa bahati. Mwaka 597 Augustino na wamonaki wake, waliotumwa na Papa Gregori, walishuka katika nchi hiyo ya Thanet, ambayo zamani zile ilikuwa kisiwa. Njiani walikuwa wamekwisha kuogopa hata wakataka kurudi Roma. Nao walipofika, Mfalme Ethelbert hakuwapokea mara moja: aliamuru wakae kisiwani, wapewe chakula, wangojee mpaka atakapoamua la kufanya. Hatukuwa tumeifikiri habari hiyo tangu shuleni. Kumbe watakatifu nao waligojeshwa hapo hapo, pengine kwa upepo ule ule.

Ijumaa asubuhi upepo haukupungua. Treni ya London hutumia muda usiozidi saa moja na nusu. Lakini Mwalimu, mwenye mkono mmoja mzima, angefanya nini kama kamba ingekatika usiku? Tulikuwa tumemwahidi. Na yule binti tulikuwa tumemwahidi pia, tena mbele ya kaburi la baba yake. Tulizunguka gatini tangu asubuhi mpaka adhuhuri bila kuamua, jambo ambalo si sifa kwa mtu wa umri wetu.

Mwalimu ndiye aliyelikata shauri. “Nenda, ndugu. Bibi arusi hangojei upepo.”

“Na wewe, Mwalimu?”

“Mimi na mashua tumezoeana.”

Tulikwenda dukani kwa yule mama kumwomba amtupie mzee jicho mara kwa mara. Hakujibu, alipiga simu. Baada ya nusu saa alikuja mwanaume mnene, mwenye mvi, amebeba blanketi na taa. Akakagua kamba zetu, akazifungua moja moja, akazifunga upya kwa namna yake, kisha akashuka chumbani na kumwuliza Mwalimu, kwa Kiflemi cha bandarini, kama ana kahawa.

Jumamosi tulimwongoza mtoto wetu altareni. Alipotushika mkono alituuliza kwa nini twanuka chumvi. Jumapili jioni tulirudi Ramsgate, na tukiri kwamba tulirudi kwa furaha, ingawa tulijua tunakwenda kufungwa tena. Tuliwakuta wazee wawili wanacheza karata, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa udanganyifu, na birika la yule mama lilikuwa juu ya jiko letu.

Upepo uligeuka usiku wa kuamkia Jumatano, ukavuma kutoka kusini-mashariki. Lango la bandari ya ndani hufunguliwa maji yakikaribia kujaa tu. Siku hiyo lilifunguliwa kabla ya mapambazuko. Yule baharia alikuja kutufungua. Alikuwa amevaa shati jeupe. Alitupa kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne aliishika kidogo, akiipitisha vidoleni, mpaka Mwalimu alipomwita kwa jina, ndipo akaiachilia.