Waliokula Mafuta ya Nigeria Waoshe Vyombo

Mwezi Machi 2025 Kampuni ya Shell ilikamilisha kuuza visima, mabomba na vituo vyake vya nchi kavu katika Delta ya Mto Niger, baada ya kukaa huko tangu enzi za ukoloni. Mwaka uliotangulia, Eni ya Italia ilikuwa imekwisha fanya vivyo hivyo, na ExxonMobil ya Marekani ilikuwa imekwisha uza mali yake ya bahari ya kina kifupi. Magazeti ya mabepari yalilichukua jambo hili kuwa habari ya biashara tu: fulani kauza, fulani kanunua. Wamekuwapo hata waliolisifu, wakidai kwamba makampuni makubwa sasa yanaachana na mafuta ili kuitikia wito wa dunia wa kuhamia nishati safi. Huo ni uongo, na hauna budi kuitwa kwa jina lake.

Mafuta hayakuachwa. Shell imebakiza visima vyake vya bahari kuu, kama vile vya Bonga, ambako hakuna mwanakijiji wa kulalamika wala mkoko wa kukauka. Imebakiza pia hisa zake katika kiwanda cha gesi cha Bonny, kilichoanza kupeleka gesi ng'ambo mwaka 1999. Kilichouzwa ni sehemu ile yenye madai: mabomba makuukuu yanayovuja, mito isiyo na samaki, na wavuvi ambao wamekwisha jifunza njia ya kwenda mahakamani London na The Hague. Watu wa Bodo, ambao maji yao yaliharibiwa na mafuta mwaka 2008, walilipwa Pauni milioni 55 mwaka 2015 baada ya kuishitaki Shell huko Uingereza. Bepari ajuaye hesabu akiona madai ya namna hiyo yanaanza kuzaa, huuza shamba.

Hebu itazamwe mali iliyotoka katika ardhi hiyo na kile kilichobaki. Mafuta yaligunduliwa Oloibiri mwaka 1956, bendera ya Mwingereza ikiwa bado inapepea Lagos, na shehena ya kwanza ikaenda ng'ambo mwaka 1958. Oloibiri yenyewe ilikamuliwa hadi ikakauka. Katika nchi ya Waogoni, wataalamu wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa walitoa taarifa yao mwaka 2011: katika visima vya Nisisioken Ogale walikuta maji ya kunywa yenye sumu ya benzini iliyozidi mara 900 kiwango kinachoruhusiwa na Shirika la Afya Duniani. Walisema kuisafisha nchi hiyo kungechukua miaka 25 hadi 30. Ken Saro-Wiwa, mwandishi aliyeyasema hayo mapema kuliko wataalamu wote, alinyongwa Port Harcourt tarehe 10 Novemba 1995 pamoja na wenzake wanane. Mwezi Juni 2025 serikali ya nchi yake ilitangaza kumpa msamaha. Msamaha wa kosa gani, hilo watajua wenyewe waliouandika.

Iko na habari ya gesi, ambayo huenda ndiyo inayotia uchungu zaidi. Mafuta yanapopanda kutoka ardhini hupanda pamoja na gesi. Katika nchi za kwao makampuni haya huikamata gesi hiyo, huiuza, au huirudisha chini. Huko Delta yaliona ni rahisi zaidi kuiwasha moto hewani. Sheria ya kukomesha uchomaji huo ilitungwa mwaka 1979, na mwisho ukawekwa kuwa tarehe 1 Januari 1984. Tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena, na mpaka leo Nigeria imo katika orodha ya nchi zinazoongoza duniani kwa kuchoma gesi. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 1984 karibu na moja ya mienge hiyo amekwisha pita umri wa miaka 40, na usiku wa kijijini kwake umekuwa mwekundu maisha yake yote. Ndani ya nyumba yake hamna umeme. Mkewe hupikia kuni, huku nishati ya kupikia miji mizima ikiungua juu ya paa lake.

Sasa wahubiri wametokea. Kwenye mkutano wa Glasgow mwezi Novemba 2021, mataifa kadhaa tajiri yaliahidi kwamba hayatatoa tena fedha za umma kwa miradi ya makaa, mafuta na gesi nje ya mipaka yao. Nigeria nayo iliahidi huko huko kwamba itasawazisha hewa yake ya ukaa ifikapo mwaka 2060, lakini ikaomba iachwe itumie gesi yake njiani. Haukupita mwaka. Vita vya Ukraine vilipoanza mwezi Februari 2022, Kansela wa Ujerumani alikuwa Dakar mwezi Mei akizungumza juu ya gesi ya Senegal, na mwezi Januari 2023 kijiji cha Lützerath, huko huko Ujerumani, kiliondolewa ili makaa ya mawe yachimbwe chini yake. Basi gesi ya Afrika ni chafu inapomwashia jiko mama wa Port Harcourt, na inatakasika mara ipakiwapo melini kwenda Ulaya. Afrika nzima hutoa karibu asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa ya dunia. Kumfundisha Mwafrika kujinyima mbele ya mtu aliyeota moto wa makaa kwa miaka mia mbili ni kasumba, hata ikiandikwa kwa wino wa kijani.

Hata hivyo itakuwa unafiki kuwalaumu mabeberu peke yao. Nigeria ilijenga viwanda vya serikali vya kusafisha mafuta Port Harcourt, Warri na Kaduna, vyenye uwezo wa mapipa 445,000 kwa siku. Viliachwa vikaoza. Mwaka 2021 ziliidhinishwa Dola bilioni 1.5 kukarabati vile vya Port Harcourt. Mwezi Novemba 2024 ikatangazwa kwa vigelegele kwamba kazi imeanza, na mwezi Mei 2025 kiwanda kikafungwa tena. Kwa miaka yote hiyo nchi ilipeleka mafuta ghafi ng'ambo na kununua petroli iliyosafishwa, na kati ya meli iendayo na meli irudiyo likanenepa tabaka zima la kupe: mawakala, wenye vibali, na wadai wa ruzuku ya shehena ambazo nyingine hazikuonekana bandarini. Ruzuku ilipoondolewa tarehe 29 Mei 2023, kupe hawakuguswa. Bei ya lita moja iliruka kutoka chini ya Naira 200 hadi karibu Naira 500 katika siku chache, na mzigo ukamwangukia mwenye basi, mchuuzi wa samaki, na fundi cherehani anayetegemea jenereta.

Jenereta hiyo ni ushahidi tosha. Mitambo ya umeme ya nchi hiyo ina uwezo wa karibu megawati 13,000, lakini gridi kwa kawaida hufikisha 4,000 au 5,000 tu kwa watu zaidi ya milioni 200. Mwaka 2013 ugavi wa umeme ulikabidhiwa wafanyabiashara binafsi kwa ahadi kwamba wao ni hodari kuliko serikali. Mwaka 2024 gridi ilianguka mara kadhaa.

Na sheria mpya ya mafuta ya mwaka 2021 je? Wananchi wa maeneo ya mafuta waliomba asilimia 10. Walipewa asilimia 3 ya gharama za uendeshaji za makampuni, huku asilimia 30 ya faida ya mafuta na gesi ya shirika la taifa ikitengwa kutafuta mafuta mengine katika maeneo mapya. Kuosha jeraha hakukupata fungu la namna hiyo.

Nchi hii haikuwa dhaifu hivi siku zote. Tarehe 31 Julai 1979, mkutano wa Jumuiya ya Madola ukikaribia kufunguliwa Lusaka, Nigeria ilitaifisha mali ya British Petroleum kwa sababu ya mafuta ya Makaburu na njama za Rhodesia. Mwalimu Nyerere na viongozi wenzake wa Nchi Zilizo Mstari wa Mbele waliingia katika mkutano ule wakiwa na nguvu zaidi kwa sababu ya uamuzi huo.

Jambo hili si la mbali kwa Mtanzania. Mwezi Julai 2022 Bunge la Ulaya lilikubali gesi ihesabiwe, kwa masharti, miongoni mwa nishati zifaazo huko kwao. Mwezi Septemba mwaka huo huo likapitisha azimio dhidi ya bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Mahubiri ni yale yale. Lakini anayelijibu Bunge hilo kwa haki lazima pia awe tayari kuulizwa nani atasafisha Chongoleani siku mafuta yatakapokwisha, na fedha hizo zitawekwa wapi tangu leo. Swali hilo Delta halikuulizwa mwaka 1958, kwa kuwa mwenye kuuliza hakuwa huru.

Mwaka 2024 mwenye kuuliza alikuwa huru. Mwezi Oktoba chombo cha serikali kinachosimamia uchimbaji kilikataa kuidhinisha mauzo ya Shell. Mwezi Desemba kibali kilitoka. Kilichobadilika katika wiki hizo wananchi wa Delta wana haki ya kukijua: ni fedha kiasi gani zimewekwa akiba kwa ajili ya kung'oa mabomba na kusafisha mito, zimewekwa na nani, na iwapo mnunuzi atafilisika, muuzaji atadaiwa au hatadaiwa. Masharti hayo yasomwe hadharani, Bodo na Ogale kwanza, kabla ya Abuja.