Maua yakidondoka, tusimlaumu mkulima peke yake



Kila mwisho wa msimu kesi ni ileile. Mama mmoja alichukua mbegu ya maharagi kwa mkopo, na sasa anafika mbele ya komite mikono mitupu. Anasema shamba lilichanua vizuri, kisha maua yakadondoka. Komite inamuuliza: ulipalilia? Ulipanda kwa mstari? Mbegu uliiweka wapi? Habari ya hewa haiulizwi hata kidogo. Siye tunaofuatana na kooperative za kandokando ya Goma tunaona hiyo si haki.

Ubaya wa hewa ya volkano tunaujua wote. Nyiragongo na Nyamulagira zinatoa gesi ya salfa, na mvua ikipita katika moshi huo inageuka asidi, inaunguza majani. Wenzetu wa Rusayo na Sake hawahitaji kufundishwa jambo hilo, maana mara nyingi upepo unasukuma moshi upande wao. Lakini kuna gesi nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo inaitwa ozoni.

Ozoni iliyo juu sana angani inatukinga na miale mikali ya jua. Ile iliyo huku chini, tunayovuta puani, ni sumu kwa watu na kwa mimea. Haitoki moja kwa moja kwenye moto wala kwenye moto-taksi. Moshi wa magari, wa jenereta, wa tanuru za makala na wa majani tunayochoma shambani una gesi ambazo, zikipigwa na jua kali, zinazaa ozoni baada ya saa kadhaa. Wakati huo upepo umekwisha kuzisukuma mbali. Ndiyo maana mara nyingi ozoni inakuwa nyingi zaidi mashambani kuliko katikati ya mji wenyewe. Moshi wa Goma haukai Goma.

Sasa, inafanya nini kwenye ua? Ile chavua, unga wa manjano, ikifika kwenye sehemu ya kike ya ua, inapaswa kuota na kusukuma mrija mwembamba mpaka ndani, ndipo mbegu inaanza. Wataalamu wameona kwamba ozoni inapunguza chavua inayoota na inafupisha mrija huo. Haragi linajichavusha lenyewe, lakini hilo haliliokoi kama chavua yake ni dhaifu. Na kati ya mazao yote, haragi ni moja ya yale yanayoumizwa haraka na ozoni.

Kuna jambo la pili, harufu. Nyuki anafuata harufu ya ua, na ozoni inaivunja harufu hiyo kabla haijafika mbali. Mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walitangaza matokeo ya jaribio walilofanya shambani kwenye haradali. Walipoongeza ozoni na moshi wa dizeli hewani, wadudu wachavushaji walipungua mpaka asilimia 70, na safari zao kwenye maua zilipungua mpaka asilimia 90. Tufikiri basi juu ya maboga yetu, marakuja, na kahawa ya kando ya Ziwa Kivu inayozaa vizuri zaidi nyuki wakiitembelea.

Tusidanganyane: si kila ua linalodondoka limeuawa na ozoni. Ukame, joto na wadudu navyo vinadondosha maua. Ila alama zipo. Tazama majani ya chini, yale ya zamani. Ukiona vidoadoa vya rangi ya shaba upande wa juu, katikati ya mishipa, pitisha kidole. Kikitoka na unga wa kahawia, huo ni ugonjwa wa kutu. Kikitoka safi, shuku hewa, umwite agronomu.

Wengine watasema: pamoja na vita na barabara hizi, mnatuletea hadithi ya hewa? Na mtu anayechoma mabua anajua kwa nini anachoma: anaokoa siku nzima za kazi, na hana pesa ya kulipa kibarua. Tunalielewa hilo. Ndiyo sababu hatupendi kusikia amri ya «acheni kuchoma» inayomwachia mama kazi yote peke yake. Kazi hiyo iwe ya kooperative.

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, salongo moja baada ya mavuno, ya kubeba mabua kwenye shimo la mbolea au kuyatandaza chini ya migomba. Pili, mashamba yetu hayapandwi siku moja. Kabla ya mtu kuwasha moto, aulize kama maharagi ya jirani yamechanua. Tatu, mizinga ya nyuki isogezwe karibu na maua, kwa sababu katika hewa chafu harufu haifiki mbali. Nne, kila mwanamemba aandike katika kaye siku maua yalipoanza, siku yalipodondoka, na kama kulikuwa na moshi, jua kali au mvua ya volkano. Komite isome kaye hiyo kabla ya kumwita mtu mdaiwa mbaya.

Na kwenu mnaotugawia mbegu na mbabula zilizoboreshwa: endeleeni, maana makala kidogo ni moshi kidogo. Lakini mtuletee pia vyombo vya kupima ozoni, viwekwe vijijini, si mjini tu. Volkano hatuwezi kuifunika. Moshi wetu tunaweza kuupunguza, na deni la mama ambaye hewa imemnyima mavuno tunaweza kulisogeza mpaka msimu ujao.